Nyuso Kumi na Mbili

Mama alikuwa akivunja mabua ya mtama kwenye goti, moja baada ya jingine, apate ya kuziba uzio wa bustani. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nikipanga nguo za marehemu baba, za kugawa huku na za kuchoma kule, na harufu ya bua bichi ikanifikia. Ni harufu tamu kidogo, kama ya muwa usiokomaa. Tulikuwa tumemzika baba majuma matatu kabla. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku nne huko Bugarama, ninakopikia wafanyakazi, nikaja Didia nimsaidie mama. Miguu ilikuwa imenivimba kwa safari na kwa kusimama jikoni miaka mingi, na nilidhani nimechoka mno hata kukumbuka kitu. Kumbe uchovu hauzuii kumbukumbu. Unaiachia mlango wazi tu.

Tulikuwa tunaishi Maganzo wakati ule. Nilikuwa darasa la tano, na hesabu alitufundisha Mwalimu Mbuke, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Shule haikuwa na maumbo ya mbao kama yale yaliyochorwa kitabuni, kwa hiyo alituagiza tuje na mabua ya mtama na udongo wa mfinyanzi. Tukakaa chini nje ya darasa, tukakata mabua urefu sawa, tukafinyanga madonge madogo, tukachomeka. Kila bua, akasema, ni ukingo. Kila donge ambapo mabua yanakutana ni kipeo. Na pale katikati ya mabua, mahali ambapo ungeweza kubandika karatasi upepo usipite, hapo ni uso.

Tulicheka sana. Sisi tulijua uso wa mtu, na tulijua kwamba mtu mwenye nyuso mbili si wa kumwamini. Mmoja wetu akauliza, "Mwalimu, sasa hili lenye nyuso sita si nafiki kabisa?" Mwalimu Mbuke naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Halafu akatufundisha kitu ambacho mpaka leo nikikisema midomo yangu inakwenda yenyewe: chukua nyuso, ongeza vipeo, toa kingo. Lazima ubaki na mbili. Usipobaki na mbili, rudi kahesabu, kuna mmoja umemsahau.

Siwezi kueleza jinsi jambo lile lilivyonishika. Nyumbani kwetu hakuna kilichokuwa kinabaki kilekile. Mvua ilikuja ikitaka, baba alirudi na kitu au mikono mitupu, mama alicheka leo na kesho hasemi na mtu. Lakini sanduku la kiberiti, ulihesabu asubuhi au jioni, lilikuwa na nyuso sita, vipeo nane, kingo kumi na mbili, na linabaki na mbili. Nikawa nahesabu kila kitu. Nilihesabu matofali, kipande cha sabuni, hata paa la nyumba ya jirani. Baba akaanza kuniita Mwalimu.

Siku moja Mwalimu Mbuke alichukua piramidi mbili za mabua akazibandika kitako kwa kitako. Likawa umbo lililochongoka juu na chini. Nyuso nane, vipeo sita, kingo kumi na mbili. Akalishika kwa vidole viwili, akasema, "Ninyi watoto wa Maganzo hili mlijue. Almasi nyingine hutoka ardhini zikiwa na umbo hili hili, hakuna aliyezichonga."

Hivyo ndivyo alivyosema, almasi nyingine. Nina hakika sasa, maana nimekutana naye ukubwani nikamuuliza, na akasema asingeweza kusema vinginevyo. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikirukaruka njia nzima na neno hilo moja limeshadondoka. Nilichobaki nacho ni kwamba almasi ina nyuso nane.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo. Alichimba na mwenzake, Masanja, ambaye mimi nilimwita baba mdogo ingawa hatukuwa ndugu. Walikuwa na shimo lao pamoja, wakitoa mchanga wa kokoto, wakiuosha kwenye chekeche, wakiupindua juu ya gunia na kuupekua kwa kijiti. Baba hakuwahi kusoma. Alikulia nyuma ya ng'ombe. Alikuwa akinitazama nikiandika kama mtu anayetazama fundi akifungua injini, kwa heshima na kwa hofu kidogo. Nilipomweleza habari ya nyuso nane alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akamwambia Masanja kesho yake shimoni, mbele yangu, "Shule inajua vitu."

Haikupita muda wakapata kijiwe. Kilikuwa kidogo, hakizidi punje ya mtama, lakini kimechongoka juu na chini. Baba akanisubiri nitoke shule. Nikakigeuza kwenye kiganja, nikahesabu nyuso nane, vipeo sita, kingo kumi na mbili. Nikasema ni almasi, na broka, mnunuzi wa mawe, alipokuja akasema ni almasi. Tulikula wali siku mbili mfululizo. Mama akaninunulia viatu vya shule. Tangu siku hiyo wachimbaji wa mashimo ya jirani nao wakawa wananiita nikipita, "Mwalimu, njoo utuhesabie," na mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nikatembea pale kokotoni kama mkaguzi.

Jiwe la pili lilitoka wakati wa kiangazi, mchana, jua likiwa limewaka hata chekeche lilikuwa haligusiki. Nilifika na sare yangu nikakuta watu wanne au watano wamesimama kimya. Masanja alikuwa amelishika. Lilikuwa kubwa, kama punje ya hindi, rangi ya uji uliotiwa sukari guru, lina ukungu ndani, na pande zake zilikuwa zimevimba kidogo kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Hakunitazama. Alikuwa anamtazama baba. "Baba Minza, mimi naona ni lenyewe. Tazama maji yanavyolikimbia."

Ilikuwa kweli. Alilichovya kwenye karai, akalitoa, na maji yakateleza yasibaki.

Baba alilichukua, akaligeuza, akaliweka ulimini, akalitoa. Nikamwona anasitasita. Halafu akaninyooshea. "Mwalimu," akasema. "Hebu."

Nilikaa chini juu ya gunia. Niliweka kidole gumba juu ya uso wa kwanza ili nisiusahau, nikaanza. Kingo zilikuwa zimelainika, lakini nikiligeuza kwenye mwanga niliziona, mistari myembamba kama mikunjo ya kitambaa kilichopigwa pasi. Nilihesabu mara tatu. Watu walikuwa wakisubiri, na nakumbuka kwamba nilifurahia kusubiriwa. Nyuso kumi na mbili. Vipeo kumi na vinne. Kingo ishirini na nne. Kumi na mbili na kumi na nne ni ishirini na sita, toa ishirini na nne, zinabaki mbili. Hakuna niliyemsahau.

"Siyo almasi," nikasema. "Nyuso zake kumi na mbili. Almasi ina nane."

"Una hakika?" baba akauliza.

"Nimehakiki, baba. Zimebaki mbili."

Hicho ndicho kinachonichosha hadi leo. Kama ningekuwa nimekosea kuhesabu ningejisamehe mapema, maana mtoto hukosea. Lakini hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kila nilichokiona kwenye jiwe lile kilikuwepo; kilichokosekana ni lile neno moja, nyingine.

Masanja alikuna shingo. "Mtoto ni mtoto, Baba Minza. Mimi bado naona ni lenyewe."

Na hapo baba akafanya kitu cha kiburi, mtu ambaye sikuwahi kumwona na kiburi. Nadhani ni kwa sababu watu walikuwepo, na kwa sababu ya lile neno mtoto. Alilichukua jiwe mkononi mwangu akaliweka kwenye kiganja cha mwenzake, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake miwili. "Mwanangu anasoma," akasema. "Akisema si lenyewe, si lenyewe. Wewe unaona ni lenyewe, basi chukua. Mimi sina haki nalo. Ninyi wote mmesikia." Wakaitikia kwamba wamesikia.

Kesho yake kutwa nzima hatukumwona Masanja. Siku ya tatu akarudi na pikipiki.

Sikumbuki nani alituletea habari. Nakumbuka vigelegele kutoka upande wa kwao, na mama akisimama uani na mwiko wa ugali mkononi, akisikiliza, uso wake ukijaribu kufurahia ya jirani. Halafu mtu akamwambia yote. Alitembea polepole hadi kwa baba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akinoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa.

"Ulilishika?" mama akauliza.

"Nililishika."

"Ukalitoa kwa mikono yako."

"Nililitoa."

"Nani alikuambia si lenyewe?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia jiwe la kunolea likisimama. Nikafumba macho nikingoja jina langu.

"Macho yangu," baba akasema. "Macho yangu yalinidanganya, Mama Minza."

Masanja alikuja mara moja, siku za mwanzo. Hakuwa mtu mbaya. Alileta gunia la mchele na baiskeli mpya, akakaa amejiinamia. Baba akamwambia neno likishatoka halirudi mdomoni, chukua vyako, mkeo asije akasema. Masanja alilia, kisha akaondoka. Miezi michache baadaye akahamia Geita kwenye dhahabu, na sisi hatukumwona tena.

Nyumba yetu ikaingia ugomvi ambao haukuwa na kelele. Mama alikuwa akisema jambo moja tu, na alilisema kwa sauti ya kawaida, akimwaga maji au akipepeta mtama: "Kama si macho yako." Paa likivuja, kama si macho yako. Dada ya mama akiugua na nauli ikikosekana, kama si macho yako. Baba hakumjibu hata mara moja. Nami kila nikisikia nilijua maneno hayo yananistahili mimi, na kila nikijua, nilinyamaza.

Nikaacha kuhesabu. Haikuwa uamuzi, mkono wangu ulikataa tu. Mwalimu Mbuke akiandika ubaoni niliona nambari zinaelea. Aliniuliza mara mbili nina nini, nikasema kichwa kinauma.

Na baba, ambaye nilitarajia aache kuniita Mwalimu, hakuacha. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Jioni alikuwa akirudi na kitu mfukoni, siku hii kokoto jeupe lenye kona, siku nyingine kipande cha tofali, mara nyingine sanduku la kiberiti lisilo na njiti. Anakaa karibu nami pale jikoni, analiweka chini mbele yangu. "Mwalimu, hebu."

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Sijui."

Basi anaanza mwenyewe. Anakigeuza kiberiti kwa vile vidole vyake vilivyopasuka kwa kokoto, anahesabu kwa Kisukuma, kisha anarudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu. "Nyuso sita. Vipeo nane. Kingo kumi na moja." Ananitazama. "Siyo?"

Nilijua ni kumi na mbili. Nilikuwa nimekihesabu kiberiti kile pengine mara mia. Lakini nilidhani ananikejeli. Nilidhani ameshindwa kunipiga na ameshindwa kunitaja kwa mama, kwa hiyo ameamua kuniadhibu hivi, kila jioni, kunikumbusha kwa kiberiti kile nilichofanya. Nikawa nainua mabega. Naye anakaa kidogo, kisha anasema, "Haya," anarudisha kiberiti mfukoni. Alifanya hivyo kiangazi chote. Halafu mvua zikaanza, shimo likajaa maji, tukafungasha vyombo tukahamia Didia kulima, na hakuniuliza tena.

Sikuendelea mbali na shule. Nilimaliza la saba, hesabu zikaniangusha, nikaenda kukaa kwa shangazi Kahama, nikajifunza kupika kwa ajili ya watu wengi. Si maisha mabaya. Nina watoto wawili na chumba changu. Lakini kila niliporudi Didia nilimkuta baba ameinama zaidi, anakohoa kile kikohozi cha vumbi la kokoto, na mama akimpokea jembe mlangoni. Hakuwa akisema tena habari ya macho. Sijui alichoka mwaka gani. Mimi kila safari nilijiambia, safari hii nitasema, nimwondolee baba mzigo wangu kabla hajaondoka nao. Kila safari kulikuwa na wageni, au kulikuwa na kazi, au alikuwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Halafu simu ikaja niko jikoni, sufuria mbili zikiwa motoni, na hapakuwa na safari nyingine.

Kwa hiyo siku ile kizingitini, na harufu ya mabua, nilisema. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kunyamaza kulitaka nguvu ambazo sikuwa nazo.

"Mama. Lile jiwe la Maganzo. Si macho ya baba. Ni mimi niliyesema si lenyewe."

Mama alivunja bua alilokuwa nalo. Akachukua jingine.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Watu watano walisimama pale, Minza. Unadhani Maganzo kuna mtu wa kufunga mdomo? Niliambiwa kabla ya jua kuzama siku ile ile ya vigelegele. Mke wa Masanja mwenyewe ndiye aliyeniambia, alidhani itanichekesha."

Nilikuwa naona miaka yote ile, maji yakimwagwa, mtama ukipepetwa. "Sasa kwa nini ulikuwa unamlaumu baba?"

Aliweka bua chini.

"Kwa sababu kosa lilikuwa lake," akasema. "Mtu mzima anampa mtoto wa miaka kumi na moja jiwe mbele ya watu, anamwambia amua. Mimi hasira yangu ilikuwa hapo. Wewe sikuwa na hasira na wewe hata siku moja. Nilimwambia tukiwa chumbani, wewe umemtwisha mtoto. Akasema ndiyo, nimemtwisha, na usimwambie kwamba unajua, atavunjika. Tukakubaliana hivyo. Labda tulikosea. Hatukujua kulea, tulikuwa tunajaribu tu."

"Na vile viberiti?" nikauliza. "Kila jioni alikuwa ananikejeli."

Mama alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Anakukejeli?" Akatikisa kichwa taratibu. "Ng'wanawane, mwanangu. Alikwenda kwa mwalimu wako, yule mfupi. Alikwenda na kofia mkononi, mtu asiyejua hata mlango wa ofisi ya shule uko wapi. Akamwuliza, mtoto wangu ameogopa hesabu, nifanye nini? Mwalimu akamfundisha habari ya nyuso na vitu gani. Akawa anajifunza kwa kiberiti kule kitandani. Mwalimu alimwambia, ukifika kwenye kingo, kosea. Mtoto hawezi kuvumilia kosa analolijua. Atakusahihisha tu, na akikusahihisha amepona."

Alisema hivyo bila kunihukumu, kama mtu anayeeleza mahali njia inapopita. Nami nilikaa na ile suruali ya baba mapajani, nikajaribu kulia, lakini nilichopata ni pumzi ndefu, moja, kisha nyingine. Miezi mingapi ya jioni. Mtu mzima ametoka shimoni amechoka, anakaa chini, anakosea makusudi, anasubiri. Na mimi niko pale, jibu liko mdomoni, naliuma kwa meno.

"Alihuzunika?" nikauliza mwishowe.

"Alihuzunika. Alisema, hajakasirika bado vya kutosha kunisahihisha." Mama akacheka kidogo, cheko la kooni. "Halafu mvua ikanyesha, tukaanza kulima. Hakuna mtu anayeweza kuhuzunikia jambo moja siku zote, Minza. Utakufa njaa."

Alinyoosha mkono nimvute ainuke, nikamvuta, magoti yake yakalia. Kule nyuma ya nyumba, kwenye jabali tulikoanika michembe ya viazi vitamu, tulisikia kwato. "Mbuzi wa jirani," akasema. "Kimbia wewe mwenye miguu."

Nikamwambia sina miguu mimi, imevimba. Akasema basi tukimbie wote polepole. Tukaenda hivyo, ameshika mkono wangu, tukipiga kelele kuwafukuza mbuzi tungali mbali, na tulipofika walikuwa wamekula kama nusu.